KIDONDA KIMEPOTEA. JE, UMEPONA?

Kijana mpendwa wa Ipole, uwe unatoka shamba la tumbaku, unarina asali au unasubiri gari la Mpanda, soma hapa!

Kaswende huanza na kidonda kisichouma. Baada ya wiki chache kinapotea chenyewe, nawe unasema, "Nishapona!" Hujapona! Ugonjwa umeingia ndani, na miaka ikipita waweza kufika moyoni na kwenye ubongo. Kisonono na klamidia, mara nyingi msichana haoni dalili yoyote, kumbe kizazi kinaharibika. Dhambi nayo ni hivyo hivyo: imejificha, haijaondoka.

Soma Luka 17:11-19. Wakoma kumi walimlilia Yesu. Akawatuma kwa makuhani wakakaguliwe, na wakiwa bado njiani wakapona. Basi kupimwa si kukosa imani!

Fanya hivi:

1. Nenda zahanati, upimwe. Tangu 2019 sheria inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima VVU bila kibali cha mzazi.

2. Ukikutwa na ugonjwa, maliza dawa, na mwenzako atibiwe. Mkoani Mwanza, 1991 hadi 1994, jamii zilizoboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa zilipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40.

3. Umeombewa? Usiache dawa mpaka daktari aseme!

4. Acha zinaa. Subiri ndoa.

Yesu hakuchukii. Mwambie leo: "Bwana, mimi ni mwenye dhambi. Nisamehe, nioshe, uwe Mwokozi wangu. Amina."