Diski Imejaa, Fundi Anataka Kuuza RAM

Swali: Kompyuta yangu ya Windows 10 inalalamika kuwa diski C imejaa. Fundi anasema niongeze RAM kutoka GB 4 hadi 8. Nimpe hela?

Jibu: Usimpe kwanza. RAM hushika programu zilizo wazi kwa wakati huo tu, na kompyuta ikizimwa hubaki tupu; picha, filamu na Windows yenyewe hukaa kwenye diski. RAM zaidi ingepunguza kukwama pale kurasa nyingi za intaneti zinapofunguliwa pamoja, basi.

Tena kuna kichekesho: RAM ikiongezwa, diski huenda ikabanwa zaidi. Windows hutenga faili lililofichwa, hiberfil.sys, la kuhifadhi yaliyomo kwenye RAM kompyuta inapolazwa kwa hibernate, na ukubwa wake hufuata RAM. Asiyeitumia huduma hiyo huizima kwa amri powercfg /h off, akiwa na ruhusa ya msimamizi, ingawa kompyuta itachelewa kidogo kuwaka.

Nafasi kubwa iko kwingine. Folda ya Windows.old, masalia ya toleo lililopita, huweza kula GB 10 au zaidi. Ifutwe kupitia Disk Cleanup, si kwa mkono. Halafu Downloads, penye filamu zilizokwisha kutazamwa. Na pipa la taka limwagwe: vilivyomo bado vinakula diski.