Herufi za Aljebra na Upatanisho wa Kisarufi: Kosa Moja la Wanachuo wa Ualimu wa Hisabati

1.0 Utangulizi

Makala haya yanashughulikia kosa moja tu la aljebra. Kwa sura ni kosa dogo, lakini hufanywa na watu waliokwisha kufaulu hisabati ya sekondari, wakiwamo wanachuo wanaoandaliwa kulifundisha somo hilo hilo. Mwalimu akikosea kuzidisha ubaoni, wanafunzi wake watamsahihisha. Akikosea kuhusu maana ya herufi, hakuna atakayemsahihisha, kwani darasa zima litalipokea kosa lake kama ndiyo aljebra yenyewe.

Hatuzungumzii hapa makosa ya kanuni, ambayo asili yake kwa kawaida hufahamika. Neno MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), kwa mfano, likifuatwa kama lilivyo hutoa 5 kwa hesabu ya 10 − 3 + 2, ilhali jibu ni 9, kwa kuwa kujumlisha na kutoa vina hadhi moja na hufanywa kutoka kushoto kwenda kulia. Kosa hilo huondoka kwa maelezo mafupi. Tunalolijadili haliondoki hivyo.

2.0 Wanafunzi na Walimu Wao

Mwaka 1981 Clement, Lochhead na Monk walichapisha matokeo ya swali walilowapa wanachuo 150 wa mwaka wa kwanza wa uhandisi huko Massachusetts, Marekani. Walitakiwa kuandika mlinganyo unaoeleza kwamba katika chuo fulani wanafunzi ni mara sita ya maprofesa, S ikiwa idadi ya wanafunzi na P idadi ya maprofesa. Asilimia 37 walikosa. Jibu ni S = 6P; kosa lililotawala ni 6S = P.

Sababu mbili zilipendekezwa. Kwanza, mwanachuo hufuata mpangilio wa maneno: sentensi ya Kiingereza hutaja sita, kisha wanafunzi, kisha maprofesa, naye huandika kwa mfuatano huo huo. Pili, huiona picha ya profesa mmoja na wanafunzi sita, na 6S kwake ni kundi la watu sita, si idadi iliyozidishwa.

Kiswahili chaweza kuzitenganisha sababu hizi. Tazama:

(1) Wanafunzi ni mara sita ya walimu.
(2) Kwa kila mwalimu mmoja kuna wanafunzi sita.

Tuseme f ni idadi ya wanafunzi na l idadi ya walimu. Anayefuata mpangilio wa maneno tu ataipata (1), kwani maneno yenyewe yamekwisha kupangwa kama f = 6l. Huyo huyo ataikosa (2), ambayo inamwelekeza kwenye l = 6f. Kwa hiyo mwanachuo anayeikosa hata (1) hawezi kusingizia mpangilio. Ugumu wake umo katika herufi.

3.0 Mita na Sentimita

Chimbuko mojawapo la ugumu huo, kwa maoni yetu, ni vipimo. Mtoto wa shule ya msingi huandika sm 100 = m 1. Hapo m ni jina la kipimo, nayo alama ya sawasawa yasema kwamba urefu huu ndio urefu ule. Miaka michache baadaye anaambiwa kwamba m ni idadi ya mita, na s ni idadi ya sentimita za urefu ule ule. Sasa lazima aandike s = 100m: urefu wa mita 3 una sentimita 300. Namba 100 imehama upande. Herufi imebadilishiwa kazi, na mara nyingi hakuna aliyemwarifu.

Küchemann (1981), aliyechunguza watoto wa Uingereza, aliliita tumizi la namna hii herufi kama kitu. Katika Kiingereza linavutia mno, kwa sababu herufi ya kwanza ya jina la tunda moja huwa tofauti na ya jingine, na mwalimu huyajumlisha matunda kana kwamba ni aljebra. Kwetu maembe, machungwa, mananasi na mapapai yote ni m. Wanafunzi, walimu na wazazi wote ni w. Kiambishi cha ngeli kinamnyima mwalimu njia hiyo ya mkato, na ni bahati njema. Hata hivyo, nchini Tanzania mwanafunzi hukutana na aljebra ya sekondari kwa Kiingereza, na njia ya mkato inamngoja huko.

4.0 Upatanisho kama Kipimo

Ngeli zina faida nyingine, nayo haijatumiwa vya kutosha. Linganisha:

(3) f ni wengi kuliko l.
(4) f ni kubwa kuliko l.

Asemaye (3) amewaona watu. F kwake ni wanafunzi wenyewe. Asemaye (4) yaelekea ameiona idadi. Vivyo hivyo, asomaye 6f kuwa "f sita" amehesabu vichwa, na asomaye "sita mara f" amezidisha. Kiingereza nacho huonyesha umoja na wingi katika kitenzi, lakini si kwa upana huu: kwetu kivumishi, kitenzi na kiwakilishi vyote hutoa ushahidi.

Ushahidi huo usichukuliwe kuwa kamili. Herufi kwa jina lake imo katika ngeli ile ile ya idadi, hivyo mtu aweza kusema (4) kwa mazoea tu bila kuelewa. Sentensi (3) ni ushahidi mzito zaidi wa kosa kuliko (4) ilivyo ya ufahamu.

Wala kuweka namba badala ya herufi hakutoshi. Ukimwonyesha mwanachuo kwamba walimu 10 na wanafunzi 60 hawaendani na 6f = l, kwani upande mmoja ni 360 na wa pili 10, aweza kujibu kwamba yeye hakumaanisha hivyo: alimaanisha wanafunzi sita kwa mwalimu mmoja. Katika usomaji wake hajakosea. Neno analolikosa ni "idadi ya", na mkufunzi hana budi kulidai kila herufi inapotajwa, kwa sauti, mpaka upatanisho wenyewe ubadilike. Sentensi (1) na (2) zaweza kutolewa kwa Kiswahili katika darasa la mbinu za kufundishia hata pale ambapo mtihani utakuwa wa Kiingereza; zoezi lote halizidi robo saa.