Viungo wawili au watatu kwa Taifa Stars?

SWALI: Hapa Lusewa tunabishana kila Stars inapocheza. Wenzangu wanataka 4-4-2 ili tuwe na washambuliaji wawili. Mimi nataka viungo watatu. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Lusewa, Ruvuma

JIBU: Nakuunga mkono, hasa tukikutana na timu inayomiliki mpira. Katika 4-4-2, viungo wawili wa kati huelemewa: mmoja akimfuata mwenye mpira, pasi hupita nyuma yake. Katika 4-3-3, kiungo mkabaji hubaki mbele ya mabeki wa kati, na wenzake hupokezana kupanda. Mmoja akienda, mwingine anabaki. Hapo ndipo kiungo kama Feisal Salum anapata uhuru wa kusogea karibu na boksi.

Hata hivyo, idadi ya viungo peke yake haitoshi. Kumbuka AFCON, Januari 2024, dhidi ya Zambia. Simon Msuva alitufungia dakika ya 11, Zambia ikabaki na watu 10 kabla ya mapumziko, lakini Patson Daka akasawazisha dakika ya 88 kwa kichwa kutokana na kona. Mechi ikaisha 1-1. Ukiongoza huku mpinzani akiwa pungufu, viungo lazima watulize mpira, wapige pasi fupi na kumkimbiza mpinzani mpaka achoke. Mpira usipofika langoni kwako, hata kona hutapigiwa.

Waambie wenzako: dhidi ya vigogo, viungo watatu kwanza, mshambuliaji wa pili aingie tukihitaji bao.