SOMO LA UFUNDI: Mashine ya Kuchora na Kukata kwa Mwanga wa Leza



Siku hizi hufika afisini kwetu vijana wa mashamba ya skimu, toka pande za Kiminini hata Ndalu na Naitiri, wakiuliza kama mtu aweza kujijengea nyumbani mashine ya leza, ile inayochora majina juu ya mbao na kukata plaiwudi nyembamba. Wazazi wao nao huuliza kama yafaa kuuza mtamba ili kununua vyombo vyake. Swali la kwanza jibu lake ni ndiyo, yawezekana. Swali la pili tutalijibu mwisho wa somo. Lakini kabla ya yote shikeni utaratibu huu: kwanza mwendo, pili sanduku, tatu mwanga. Anayeanza na mwanga aweza kupoteza jicho, na jicho lililoungua ndani haliponi.

1. LEZA NI NINI?

Mwanga wa taa hutawanyika pande zote, kama mbegu zilizomwagwa kwa mkono. Mwanga wa leza ni wa rangi moja, nao huenda pamoja katika mstari mwembamba. Ukipitishwa katika lenzi hukusanyika mahali padogo kuliko kichwa cha pini, na mahali hapo huwa pa moto hata mti ukaungua.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California, Marekani, tarehe 16 Mei 1960. Mwaka 1964, mwaka ule ule mahindi ya H611 yalipotolewa Kitale, Kumar Patel wa maabara ya Bell huko huko Marekani alitengeneza leza ya hewa ya kaboni, ambayo viwanda vingi huitumia mpaka leo. Ile ifaayo kujengewa nyumbani ni ndogo zaidi, yaitwa leza ya dayodi. Mwanga wake ni wa buluu, nayo hutumia umeme wa volti 12 au 24.

Mashine yetu huitwa CNC, maana yake ni mashine inayoongozwa na namba. Kompyuta hutuma namba, mota hugeuka kwa kadiri ya namba hizo, na kichwa cha mashine huenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, kama ng'ombe wa plau anayepita mstari baada ya mstari.

2. VYOMBO

Vyombo vya mwendo ni hivi: fremu ya alumini au chuma, vyuma laini vya kuteleza pamoja na beringi zake, mota za hatua mbili au tatu, mikanda ya meno, bodi ndogo kama ile ya Arduino pamoja na vipande vyake vya kuendeshea mota, na kompyuta yoyote ya kawaida. Programu inayowekwa ndani ya bodi yaitwa GRBL, nayo hupatikana bure.

Vyuma na baadhi ya mota hupatikana katika printa na skana zilizokufa. Mwaka 2013 Afate Gnikou wa Lomé, nchi ya Togo, alijulikana kwa kujenga printa ya kufinyanga vitu kutokana na mabaki ya namna hiyo. Huko Nairobi kampuni ya AB3D nayo imetumia vifaa vya mabaki katika printa zake. Mwendo wa printa hizo na wa mashine yetu ni wa jamii moja.

Lakini angalia: si kila mota ya printa inafaa. Mota yenye waya mbili tu haifai kazi hii. Mota ya hatua ina waya nne au zaidi, na ukizungusha mhimili wake kwa vidole utasikia ukishika na kuachia, ukishika na kuachia.

3. ZOEZA MAKSAI KABLA YA PLAU

Mkulima hafungi plau kwa maksai asiyezoezwa. Kwanza humvika nira, humpitisha njiani, ndipo humwingiza shambani. Fanya vivyo hivyo na mashine. Mahali pa leza funga kalamu ya kawaida, uweke karatasi chini yake, uiamuru mashine ichore.

Anza na mraba wa milimita 200 kila upande. Kisha pima toka pembe mpaka pembe, njia zote mbili. Kila moja yapasa kuwa milimita 283 kasoro kidogo. Zikitofautiana, fremu imepinda. Legeza skrubu, nyosha, kaza, uchore tena. Ni desturi ile ile ya fundi anayepima msingi wa nyumba kwa kamba kabla ya kuweka jiwe la kwanza.

Kalamu haiumizi mtu wala haichomi kitu. Makosa yote ya fremu, ya mkanda na ya namba yatokee hapa, juu ya karatasi.

4. HESABU YA HATUA

Mota ya kawaida ina hatua 200 katika mzunguko mmoja. Bodi hugawa kila hatua mara 16. Basi:

200 × 16 = hatua ndogo 3,200 kwa mzunguko mmoja.

Gurudumu la mkanda lina meno 20, na toka jino mpaka jino ni milimita 2. Basi:

20 × 2 = milimita 40 kwa mzunguko mmoja.

3,200 ÷ 40 = hatua ndogo 80 kwa kila milimita.

Namba hiyo 80 ndiyo huandikwa katika GRBL, mahali pa namba 100 kwa mwendo wa kushoto na kulia, na mahali pa namba 101 kwa mwendo wa mbele na nyuma. Ukiamuru milimita 100 na kalamu ikaenda 98 tu, usikimbilie kubadili namba. Angalia kwanza kama mkanda umelegea au gurudumu linateleza juu ya mhimili. Vyote vikiwa imara na kosa likabaki, ndipo utafute namba mpya: 80 × 100 ÷ 98 = 81.6.

5. SANDUKU

Kalamu ikichora sawasawa, bado usinunue leza. Jenga sanduku.

Leza ya wati 5 iko katika daraja la 4, ambalo ni daraja la hatari kuliko yote. Mwanga wake, hata ukiwa umerudishwa na bati au kijiko, waweza kuunguza jicho kabla kope haijapepesa. Miwani ya jua haizuii kitu, na miwani ya kuchomelea chuma haikutengenezwa kwa kazi hii. Miwani ya kweli ya leza huandikwa namba ya mwanga inaozuia. Kwa leza ya buluu tafuta iliyoandikwa 450 pamoja na OD 5 au zaidi. Hata hivyo miwani ni kinga ya pili. Mtoto anayechungulia mlangoni hana miwani, wala jirani aliyekuja kuomba jembe. Kinga ya kwanza ni sanduku.

Sanduku liwe la plaiwudi nene au bati, lipakwe ndani rangi nyeusi isiyong'aa, lisiwe na dirisha wala ufa. Mlangoni weka swichi inayokata umeme wa leza mara mlango unapofunguliwa. Nje weka swichi nyekundu ya dharura. Toa moshi kwa feni na bomba mpaka nje, mbali na jikoni na boma la ng'ombe. Mashine isikae kamwe katika ghala la mahindi au karibu na nyasi kavu. Waya zinazopokea stima ya nyumba zifungwe na fundi mwenye leseni.

6. MWANGA

Sasa waweza kufunga leza. Muulize muuzaji wati za mwanga wenyewe, maana wengine huandika juu ya boksi wati za umeme unaoingia, ambazo ni nyingi zaidi. Katika GRBL weka namba 32 iwe 1, na uiwashe leza kwa amri ya M4, ili leza izimike kila mara kichwa kinaposimama. Bila hivyo leza yaweza kubaki ikichoma mahali pamoja mpaka moto uwake.

Leza ya dayodi ya wati 5 huchora mbao, kibuyu na ngozi. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya muwati inafaa sana. Plaiwudi ya milimita 3 huikata kwa kupita mara kadhaa. Haikati chuma, wala haikati plastiki angavu, kwa kuwa mwanga wa buluu hupita ndani yake kama katika kioo cha dirisha.

Usichome PVC hata kidogo, wala ngozi ya bandia ya makochi, ambayo mara nyingi ni PVC. Moshi wake una asidi inayodhuru mapafu na kula vyuma vya mashine. Na mashine inapofanya kazi, mtu asiondoke. Ndoo ya mchanga iwe karibu.

7. JE, TUUZE MTAMBA?

Hapana, msiuze. Mtamba huzaa na kutoa maziwa, lakini mashine hutoa fedha siku ile tu mtu anapoleta kazi. Yafaa kuanza kwa kutafuta kazi yenyewe: vibao vya majina ya mashamba, vigezo vya kupakia rangi jina la chama cha ushirika juu ya magunia, alama za mizinga ya nyuki, mikanda ya ngozi. Ulizeni shule, kanisa na ushirika wa jirani. Wasipopatikana wanunuzi, hamkupoteza kitu.

Wakipatikana, vijana watatu au wanne waungane wajenge ile sehemu ya kalamu kwa mabaki. Wakiimaliza, mzazi atakuwa ameona kwa macho yake kama kijana wake ni mtu wa kufikisha kazi mwisho, na hapo fedha ya leza yaweza kuzungumzwa. Wakikwama, waende kuwauliza walimu wa umeme na makanika wa Kitale National Polytechnic, au wa chuo cha Sang'alo karibu na mji wa Bungoma.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Gurudumu la mkanda lina meno 16 badala ya 20. Mota na bodi ni zile zile. Hatua ndogo ni ngapi kwa milimita moja?
2. Mraba umechorwa, na toka pembe mpaka pembe ni milimita 280 na 286. Kosa liko wapi?
3. Kwa nini sanduku hujengwa kabla ya kununua leza?

MAJIBU: (1) 16 × 2 = 32; 3,200 ÷ 32 = 100. (2) Fremu imepinda, haina pembe mraba. Namba za hatua zisiguswe kwanza. (3) Kwa sababu leza ikiwa tayari nyumbani bila sanduku, mtu atashawishika kuijaribu, na jaribio moja latosha kuunguza jicho.