Chombo Safi, Kasiksi Salama: Kuchagua Dawa ya Kutakasa Vyombo vya Pombe ya Ndizi

Kijitabu cha elimu kwa wakamuaji wa nyumbani, Rutshuru na Goma

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha mama anayekamua kasiksi nyumbani kwake Kiwanja, Rubare au Jomba na kuiuza jioni. Ni cha kijana anayepakia bidoni za kasiksi kwenye pikipiki na kuzifikisha Goma. Ni cha familia inayoandaa pombe ya harusi au ya kumaliza matanga. Wote wanauliza swali moja: vyombo vyangu nivitie dawa gani?

Jibu letu ni hili. Osha kwanza mpaka uchafu uishe, kisha chagua dawa kwa kuangalia chombo chenyewe. Mbao na chuma vinataka maji yanayochemka. Plastiki inataka javeli (dawa ya maji yenye klorini) iliyopimwa. Kurasa zinazofuata zinaeleza sababu, vipimo na hatua za kazi.

Kwa nini kasiksi inahitaji uangalifu wa pekee?

Kasiksi haipikwi. Ndizi huivishwa shimoni kwa siku kadhaa, humenywa, hukandwa ndani ya muvure (chombo cha mbao cha kukamulia) pamoja na majani ya ishinge mpaka zitoe juisi. Juisi huongezwa maji, huchujwa, hutiwa unga wa kimea cha mtama, halafu hufunikwa ichachuke siku moja hadi tatu. Katika safari hiyo yote juisi haikutani na moto. Kijidudu kilichoingia kwa mkono, kwa maji au kwa bidoni kinapambana na vitu viwili tu: uchachu na kileo. Navyo huchukua muda kujijenga, wala havitoshi kuua kila kitu.

Mutobe, ile juisi tamu wanayopewa watoto siku ileile ya kukamua, haina kileo na bado haijachachuka. Basi mtoto ndiye anayekunywa kinywaji chenye kinga ndogo kuliko vyote vinavyotoka kwenye muvure.

Eneo letu linakijua kipindupindu. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipomiminika Goma, watu karibu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Tangu wakati huo ugonjwa umerudi mara nyingi, hasa mahali ambapo vita vimewahamisha watu na kuwalundika penye maji machache. Kipindupindu husafiri kwa maji na kwa mikono michafu. Bidoni isiyotakaswa, yenye kinywaji kisichochemshwa, inakifungulia mlango.

Kuna pia hasara ya mfukoni. Vijidudu vinavyogeuza pombe kuwa siki hukaa kwenye mabaki ya pombe ya zamani. Mkamuaji anayetia juisi mpya ndani ya bidoni yenye utando wa juma lililopita anaipandia siki kasiksi yake kabla haijafika sokoni.

Kuosha ni kazi moja, kutakasa ni nyingine

Kuosha ni kuondoa uchafu unaoonekana na unaoteleza: nyuzi za ndizi, unga wa mtama, utando ukutani mwa chombo. Kutakasa ni kuua vijidudu vilivyobaki baada ya hapo. Mpangilio huu haugeuzwi. Klorini iliyomo ndani ya javeli hushambulia uchafu wowote inaoukuta. Ikikuta nyuzi za ndizi, nguvu yake inaishia hapo, na vijidudu vilivyo chini ya utando vinabaki hai. Anayemimina javeli nyingi kwenye bidoni chafu amepoteza fedha na hajapata usalama.

Majivu na sabuni ni vya kuosha. Majivu yanakata mafuta na kusugua vizuri, na wazee wetu waliyatumia kwa haki. Lakini hayatoshi kutakasa. Sabuni ya unga yenye manukato huacha harufu kwenye plastiki. Sabuni ya kipande ni bora, ikisuuzwa sana.

Dawa zinazopatikana kwetu

*Maji yanayochemka.* Haya ndiyo ya kwanza kufikiria. Hayaachi ladha, hayana sumu, na hayahitaji kipimo. Kwa sababu ya mwinuko wetu, maji ya Goma huchemka kwenye joto la karibu nyuzi 95, si 100. Hilo lisikutie shaka: joto hilo linaua vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara. Udhaifu wake ni kuni na makaa, ambavyo vina bei kwa mkamuaji na vina bei kwa msitu wa Virunga pia. Chemsha kiasi unachohitaji, funika sufuria, na panga vyombo vyote vitakaswe kwa moto mmoja. Nyumba zilizofikiwa na umeme wa kituo cha Matebe, kilicho kwenye mto Rutshuru, zinaweza kutumia birika la umeme.

*Javeli.* Hupatikana madukani, bei yake si kubwa, na huua vijidudu vya aina nyingi. Inafaa plastiki, ambayo hulegea na kupinda kwa maji yanayochemka. Ina masharti manne: ipimwe, isiwe na manukato wala sabuni, itumike na maji baridi, na chombo kisuuzwe baadaye kwa maji yaliyochemshwa. Ndizi na mtama vina viini viitwavyo fenoli. Klorini ikibaki ndani ya chombo hushikana navyo na kuipa kasiksi ladha ya dawa ya hospitali. Ladha hiyo ikishaingia haitoki.

*Klorini ya chembechembe (HTH).* Ni klorini ileile, ila kali mno, kwa kawaida asilimia 65 hadi 70. Inafaa kwa vikundi vinavyotakasa vyombo vingi kwa pamoja na vyenye mtu mmoja aliyefundishwa kupima. Kwa nyumba yenye bidoni mbili au tatu, javeli inatosha.

*Vidonge vya kutibu maji ya kunywa.* Vimetengenezwa kwa ajili ya maji, na hapo vinafaa. Nguvu yake ni ndogo mno kwa kutakasa bidoni.

*Moshi na jua.* Kufukiza kibuyu na kuanika bidoni juani kunasaidia kukausha, na chombo kikavu hakizalishi vijidudu kwa haraka. Fanya hivyo baada ya kutakasa, ili kulinda kazi uliyokwisha kuifanya.

*Kanyanga (pombe kali).* Usiitumie kutakasa. Kileo huua vizuri kikiwa karibu asilimia 70, na hakuna anayejua kanyanga ya leo ina asilimia ngapi. Zaidi ya hayo, hushika moto karibu na jiko.

Viwanda vikubwa vya bia, na watengenezaji wa pombe ya nyumbani wa Ulaya na Marekani, hutumia pia dawa za iodini na za asidi ya fosfori ambazo, zikipimwa sawasawa, hazihitaji kusuuzwa. Ukizikuta zinauzwa, fuata maelezo ya chupa. Asiyezipata hana sababu ya kusikitika: maji ya moto na javeli vinafanya kazi hiyo.

Chagua kwa kuangalia chombo

- Muvure na vyombo vingine vya mbao: maji yanayochemka, mara mbili. Mbao hunyonya javeli, huimaliza nguvu, kisha huirudisha polepole kwenye juisi.
- Sufuria na ndoo za chuma: maji yanayochemka. Javeli hula chuma na kuleta kutu.
- Bidoni na mapipa ya plastiki: javeli iliyopimwa, kisha kusuuza.
- Kibuyu: maji yanayochemka, kisha kukaushwa kabisa.
- Chujio la kitambaa, vikombe na vijiko vya chuma: chemsha ndani ya sufuria kwa dakika 10.
- Mirija: ya mwanzi ichemshwe kila baada ya mnywaji mmoja. Ya plastiki itupwe.
- Majani ya ishinge: yawe mapya kila mara, yasuuzwe kwa maji yaliyochemshwa. Yaliyokwisha kutumika yatupwe.

Vipimo vya javeli

Lengo ni miligramu 200 za klorini kwa kila lita ya maji. Soma kwanza nguvu iliyoandikwa kwenye chupa. Chupa nyingi za nchi zinazotumia Kifaransa zimeandikwa digrii za klorini. Kwa lita 20 za maji safi, baridi, tia:

- Javeli ya digrii 12 (karibu asilimia 3.8): mililita 100. Kwa lita moja, ni kijiko kimoja cha chai.
- Javeli ya asilimia 2.6: mililita 150.
- Javeli ya asilimia 5: mililita 80.
- HTH ya asilimia 70: gramu 6, karibu kijiko kimoja cha chai.

Wengi wetu tunakumbuka ndoo za klorini za wakati wa Ebola, kuanzia 2018 hadi 2020. Maji ya kunyunyizia sakafu na vitu vilivyochafuliwa yalikuwa ya asilimia 0.5, yaani makali mara 25 kuliko haya ya vyombo vya kasiksi. Usichukue kipimo cha wakati ule ukakileta kwenye bidoni.

Maji ya javeli yatumike siku ileile. Jua na joto huvunja nguvu yake, hata ndani ya chupa. Javeli inayouzwa kwa kumiminwa kwenye chupa za soda haina nguvu inayojulikana, na mtoto anaweza kuinywa. Nunua iliyofungwa na yenye maandishi.

Hatua kwa hatua: kutakasa bidoni ya lita 20

1. Mara tu kasiksi inapoisha, suuza bidoni kwa maji. Usingoje utando ukauke.
2. Tia maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na konzi mbili za punje kavu za mahindi. Funga, tikisa kwa nguvu pande zote. Punje husugua mahali mkono usipofika. Mchanga na kokoto huikwaruza plastiki, na vijidudu hujificha kwenye mikwaruzo.
3. Mwaga, suuza mpaka povu liishe. Chungulia ndani kwenye mwanga na unuse. Ukikuta harufu ya siki au utando, rudia hatua ya pili.
4. Jaza maji ya javeli yaliyopimwa. Acha dakika 10. Tumbukiza kifuniko pia.
5. Hamishia maji hayo kwenye bidoni ya pili iliyokwisha kuoshwa. Yanaweza kutakasa bidoni mbili au tatu mfululizo, mradi yabaki maangavu.
6. Suuza mara mbili kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Ukisuuza kwa maji ya mtoni, umeirudishia bidoni vijidudu ulivyoviua.
7. Ipindue juu ya kichanja, mbali na udongo na kuku. Ikauke, kisha uifunge.

Siku ya kukamua, anza na mikono: maji, sabuni, mpaka kwenye viwiko. Anayekanda kwa miguu aioshe vivyo hivyo. Anayeharisha asikamue siku hiyo. Na maji yanayoongezwa kwenye juisi yachemshwe na kupozwa. Chombo kilichotakaswa hakiwezi kuyasafisha.

"Nikitakasa muvure, chachu yangu haitakufa?"

Swali hili ni la haki, na linawafanya wengi waache muvure bila kuoshwa ili "usisahau" pombe. Chachu ya kasiksi huletwa na unga wa mtama, kwa sababu kimea cha mtama hubeba chachu yake; nyingine hutoka kwenye ndizi zenyewe. Muvure mchafu unahifadhi chachu kidogo pamoja na jeshi la vijidudu vya siki. Takasa muvure bila hofu, na acha unga ufanye kazi yake. Kinachoweza kuidhuru chachu ni klorini iliyobaki ndani ya bidoni. Ndiyo maana tunasisitiza kusuuza.

Ukiwa na mashaka, jaribu kwa sehemu ndogo. Gawa juisi ya mkamuo mmoja kwenye bidoni mbili, moja iliyotakaswa na nyingine ya desturi. Zionje siku ya pili, ya tatu na ya nne, na uone ipi inawahi kuwa siki.

Vyombo visivyofaa kutakaswa

Bidoni iliyobeba dawa ya kuua wadudu wa shambani, petroli au mafuta ya mashine isitumiwe kwa kinywaji kamwe. Plastiki hunyonya sumu hizo, na hakuna maji ya moto wala javeli inayozitoa. Itoboe, mwingine asije akaiokota na kuitumia. Epuka pia mapipa ya mabati: uchachu wa juisi huyeyusha zinki na kutu. Na bidoni iliyokwaruzika sana ndani imemaliza kazi yake ya pombe.

Tahadhari na javeli

- Usiichanganye na siki, limau, dawa ya choo au mkojo. Hutoa hewa yenye sumu inayounguza mapafu.
- Fanya kazi nje au mlango ukiwa wazi. Tia maji kwanza, javeli baadaye.
- Ikiruka machoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya.
- Mtoto akiinywa, usimtapishe. Msukutulie kinywa na mwahishe kituo cha afya pamoja na chupa.

Mteja wako akiugua

Mtu aliyekunywa akianza kuharisha maji mengi yanayofanana na maji ya mchele, mpe maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha nguvu, mpeleke kituo cha afya bila kungoja asubuhi, na simamisha uuzaji wa mkamuo ule. Kusema mapema hakuwezi kuharibu jina lako kama kunyamaza kunavyoweza. Waambie pia wakamuaji jirani, kwa kuwa huenda mmechota maji mahali pamoja.

Kikundi cha wakamuaji watano kinaweza kununua chupa moja ya javeli na kikombe kimoja chenye alama za mililita, na kutakasa vyombo pamoja siku moja kabla ya kukamua. Gharama inagawanyika, kipimo kinabaki kilekile, na kila mmoja anakagua bidoni ya mwenzake. Anzeni na mkamuo ujao.