Frere Town: Mji wa Watu Waliofunguliwa

Mtu atokaye kisiwani Mombasa akavuka daraja la Nyali kwenda upande wa Kisauni hufika upesi mahali paitwapo Kengeleni. Makondakta wa matatu hulitaja jina hilo mchana kutwa, na abiria hushuka wakaenda zao bila kuliuliza. Lakini jina hilo lina maana. Penye njia panda hapo umesimama mnara wa kengele, ukumbusho wa mji wa Frere Town, ambao watu wake wa kwanza hawakuwa wazaliwa wa pwani, wala hawakuja kwa hiari yao. Katika somo hili tutaeleza mahali ulipo mji huo, jinsi ulivyoanzishwa, na neno moja kubwa ambalo historia yake yatufundisha, yaani kwamba kumfungua mtu minyororo ni kazi ya siku moja, bali kumweka huru ni kazi ya miaka mingi.

MAHALI PENYEWE

Kisiwa cha Mombasa kimekumbatiwa na mikono miwili ya bahari. Upande mmoja ni Kilindini, iliko bandari kubwa ya meli; upande wa pili ni Bandari ya Kale, ambayo maji yake huingia ndani mpaka hori la Tudor. Frere Town iko bara, upande wa kaskazini, ikitazamana na kisiwa. Nchi yake ni ya matumbawe yenye udongo mwepesi, nayo hustawisha minazi, miembe na mihogo.

Zamani hapakuwa na njia ya kuvuka isipokuwa kwa mtumbwi na mashua. Mwaka 1931 lilifunguliwa daraja la kuelea, na mwaka 1980 likafunguliwa daraja jipya linalotumika hata leo. Basi yafaa tukumbuke ya kuwa hapo mwanzo maji yaliutenga mji huu na Mombasa, lakini hayakuutenga sana. Mwenye watumwa aliyekaa kisiwani aliweza kuwatazama kwa macho yake watu weusi waliokuwa wakilima ng'ambo bila bwana.

MKATABA WA MWAKA 1873

Wamisionari walikuwa wamefika zamani kidogo. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha C.M.S. cha Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Mkewe Rosina alifariki mwaka huohuo akazikwa ng'ambo ya kisiwa, si mbali na pale ulipokuja kujengwa mji. Mwaka 1846 Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walianzisha kituo cha Rabai, kule vilimani.

Mwaka 1872 Serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere, aliyekuwa Gavana wa Bombay toka 1862 hata 1867, aende Unguja kuzungumza na Seyyid Barghash juu ya biashara ya watumwa. Frere aliondoka kabla ya maneno kukatwa, na mkataba ukatiwa sahihi tarehe 5 Juni 1873, mbele ya Balozi John Kirk. Soko la watumwa la Unguja likafungwa, na ikakatazwa kuwachukua watumwa baharini.

Msomaji na aangalie sana maneno ya mkataba huo. Ulikataza kuwasafirisha watumwa na kuwauza sokoni. Haukukataza kuwa nao. Kwa hiyo mtu aliyekamatwa na manowari za Kiingereza akiwa ndani ya jahazi alihesabiwa kuwa huru, lakini mtumwa aliyelima shamba la bwana wake Mombasa aliendelea kuwa mtumwa kwa sheria. Tofauti hiyo ndiyo iliyoleta matata yote yaliyofuata.

MJI WAANZISHWA

Sasa likatokea swali: waliookolewa baharini wapelekwe wapi? Wengi walitoka mbali sana, pande za Ziwa Nyasa. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo. Wengine walichukuliwa wakiwa watoto, hata hawakuweza kueleza kwao ni wapi. Kuwarudisha njia ileile kulikuwa sawa na kuwatia tena mikononi mwa wawindaji. Frere alishauri kuwa makao yao yawe karibu na Mombasa. Basi mwishoni mwa mwaka 1874 mmisionari William Salter Price alifika, na mwaka 1875 ardhi ikanunuliwa upande wa Kisauni. Mji ukaitwa kwa jina la Frere, na mwaka huohuo manowari zikaanza kuleta watu.

Price hakuanza kazi peke yake. Hapo awali alikuwa Sharanpur, karibu na Nasik katika Bara Hindi, mahali walipolelewa watoto wa Kiafrika waliookolewa baharini na kupelekwa Bombay. Huko walifundishwa kusoma na kuandika, useremala, uhunzi na kazi nyinginezo. Baadhi yao walirudi Afrika wakawa walimu, mafundi na wakalimani wa mji mpya. Miongoni mwao walikuwa George David, William Jones na Ishmael Semler. Jones na Semler walipewa daraja la ushemasi mwaka 1885 na Askofu James Hannington. Askofu huyo alipouawa Busoga mwezi wa Oktoba mwaka huo, ni William Jones aliyewaongoza watu wa msafara waliobaki mpaka wakarudi pwani salama.

Watu wa Frere Town walipewa viwanja vya kujenga na mashamba ya kulima. Kwa kuwa kila mmoja alikuja na lugha yake, Kiswahili kikawa lugha ya wote. Kengele iliwaita kazini na ibadani, tena iliwaonya hatari ilipokaribia.

UHURU WENYE MIPAKA

Twakosea tukidhani ya kuwa maisha yao yalikuwa raha tupu. Ardhi ilikuwa ya Misioni, si yao. Amri zilitoka kwa wasimamizi, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 palikuwa na malalamiko ya watu kupigwa viboko na kuadhibiwa vikali. Uchunguzi ukafanywa, na Price akarudi tena kuutengeneza mji. Mtu aliyetoka katika kamba ya mfanyabiashara hakutazamia kukuta kiboko mahali alipoambiwa kuwa yu huru.

Hatari ya pili ilitoka nje. Watumwa wa mashamba ya pwani walisikia habari za vituo vya Misioni, wakaanza kutoroka na kukimbilia huko, hasa Rabai. Wenye watumwa walikasirika, wakasema mali yao yaibwa. Na kwa sheria ya siku zile walikuwa na hoja. Mwaka 1888 shauri hilo lilikaribia kuleta vita. Ndipo George Mackenzie, mkuu wa Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, alipokubali kuwalipa mabwana fidia. Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, watoro wapatao 1,400 walipewa hati za uhuru. Lakini aliyelipwa ni bwana. Mtumwa aliyefanya kazi miaka mingi bila ujira hakulipwa kitu. Sheria ya kuondoa utumwa wenyewe katika pwani ya Kenya haikutolewa mpaka mwaka 1907, miaka 34 baada ya mkataba wa Unguja.

MATUNDA YAKE

Hata hivyo watu wa Frere Town hawakukaa wakilia. Walipeleka watoto wao shule, wakatoa walimu, makarani, wakalimani na makasisi. Chuo cha kufundishia makasisi kilichoanzishwa huko mwaka 1903 kilihamia Limuru mwaka 1930, nacho siku hizi ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Mwaka 1934 James Mbotela, mzao wa waliookolewa, alitoa kitabu chake "Uhuru wa Watumwa", ambacho chaeleza habari hizi kwa Kiswahili. Na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, ambaye sauti yake ilijulikana katika redio nchini Kenya kwa miaka mingi, alizaliwa Frere Town mwaka 1940. Alifariki mwaka 2025.

Watu hawa waliletwa bila ukoo, bila lugha moja na bila shamba la babu. Walichopewa kilikuwa kiwanja na kengele; ujirani, lugha na jina jema walivitengeneza wenyewe. Asemaye Kengeleni awataja hao, ajapokuwa hajui.

MASWALI YA KUJIFUNZIA

1. Mkataba wa mwaka 1873 ulikataza nini, na uliacha nini?
2. Kwa nini waliookolewa baharini hawakurudishwa kwao?
3. Katika fidia ya mwaka 1889 nani alilipwa? Je, ilikuwa haki? Toa sababu zako.
4. Waulize wazee wa mahali unapokaa asili ya jina la mtaa au kijiji chenu, ukaiandike.