Pakiti Iliyofichwa Chini ya Mto

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Morogoro, barua yako nimeisoma na nimemfikiria sana mama. Ana kisukari, LDL yake, yaani kolesteroli mbaya, imesoma 4.3, kliniki wakampa atovastatini ya miligramu 20. Wiki ya tatu mapaja yakaanza kumuuma. Juzi unatandika kitanda, ukakuta pakiti chini ya mto, vidonge vimeishia katikati. Hukumgombeza, na umefanya vizuri. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua pakiti kama hiyo imefichwa kwenye nyumba nyingi.

Tumwelewe mama kwanza. Kolesteroli haiumi. Mtu anaamka mzima, anakwenda sokoni na kurudi, halafu anaambiwa ameze kidonge kila siku, na anaona kidonge hichohicho ndicho kinamletea maumivu. Nani asingetamani kuacha? Lakini kinachokingwa hapa ni kiharusi na mshtuko wa moyo, na mwenye kisukari yuko karibu zaidi na hatari hizo, hata kama anajitahidi kwenye chakula.

Mwambie pia asijilaumu kwa kila chapati aliyokula. Sehemu kubwa ya kolesteroli ya mwilini inatengenezwa na ini lenyewe. Statini, yaani kundi la dawa anayotumia mama, zinazuia kimeng'enya ambacho ini linakihitaji kwa kazi hiyo. Ini likiona akiba yake imepungua, linaongeza vipokezi kwenye seli zake, na vipokezi hivyo vinanasa LDL inayopita kwenye damu na kuiingiza ndani. Kwa hiyo damu inasafishwa na ini, dawa inalisukuma tu. LDL ikishuka kwa milimoli 1 kwa lita, hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi inapungua kwa takriban moja ya tano. Na kama kuna jirani anamwambia aachane na kemikali, anywe maji ya kitunguu swaumu, mjibu kwa upole kwamba statini ya kwanza ilipatikana kwenye ukungu, na Mjapani Akira Endo, miaka ya 1970. Kitunguu swaumu kibaki kwenye mboga.

Sasa hayo mapaja. Maumivu ya misuli ndiyo maudhi yanayotajwa sana, na mama hazushi. Yakiwa ni ya statini, kwa kawaida yanakamata pande zote mbili, kwenye misuli mikubwa ya mapaja na mabega, katika wiki au miezi ya mwanzo. Goti moja likiuma, au nyayo zikiwaka moto usiku, tafuteni sababu nyingine, maana kisukari nacho kinaumiza miguu. Mwaka 2020 watafiti wa London walitoa matokeo ya watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya maudhi. Kwa mwaka mzima kila mmoja alipitia kwa zamu miezi ya statini, miezi ya vidonge visivyo na dawa, na miezi bila kidonge chochote. Asilimia 90 ya maudhi waliyoyasikia kwenye statini waliyasikia pia kwenye vidonge visivyo na dawa. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, ila mara nyingi dawa haikuwa chanzo, na nusu yao walirudi kuitumia.

Hali moja isisubiri. Misuli ikiuma sana au kulegea, na mkojo ukawa mweusi kama koka, asimeze kidonge kingine. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Ni nadra, lakini misuli inakuwa inavunjika na figo zinaweza kuharibika. Macho yakiwa ya manjano, vilevile. Statini pia zinaweza kupandisha sukari kidogo. Kwa mgonjwa kama mama, faida ya kulinda moyo ni kubwa kuliko hilo.

Ninachokusihi uulize ni dawa nyingine anazomeza. Klarithromaisini, ambayo wengi hupewa kwa vidonda vya tumbo, inaipandisha statini kwenye damu na maudhi yanaongezeka. Dawa za ukimwi zenye ritonavia nazo hivyohivyo, na simvastatini haitakiwi kabisa pamoja nazo. Kama mtu wako anatumia ARV na anaona haya kusema, amnong'oneze daktari, asinyamaze. Balungi kwa wingi nalo linaleta shida hiyo. Na wewe msomaji mwenye mimba, au unayeitafuta, mwone daktari mapema, maana wengi husimamishiwa statini kipindi hicho.

Kwa hiyo mdogo wangu, usisubiri tarehe ya kliniki. Mpeleke mama wiki hii na pakiti yenyewe mkononi, aseme wazi ameacha lini, na maumivu yalianza lini. Ombeni kipimo cha CK kinachoonyesha kama misuli imeumia. Daktari anaweza kumpumzisha wiki chache, kupunguza dozi, au kumhamishia statini nyingine kama rosuvastatini. Wengi wanaoshindwa na moja wanaiweza nyingine. Akishaanza upya, LDL ipimwe tena baada ya wiki 4 hadi 12, na karatasi ya majibu ashike yeye mwenyewe, umsomee namba ya zamani na ya sasa.